Nyasi za Makokha

Makokha alizikwa kwao Bungoma, mkewe, Mama Elsie, akarudi Kitengela peke yake. Kaburi lilikuwa mbali. Kilichombakia cha kushika kwa mikono kilikuwa uwanja wa nyasi mbele ya nyumba, nyasi alizopanda marehemu mwenyewe, nazo nusu zilikuwa zimekufa. Watu waliokuja matanga hapo kabla ya safari ya mazishi walizikanyaga, turubai likazifunika, na pale walipopikia pakabaki kipara cheusi.

Basi mjane akashika jembe-uma. Akautifua ule udongo mweusi uliopasuka kwa kiangazi, akachuna vipande palipokuwa bado na uhai, akavipanda kimoja kimoja huku akiimba nyimbo za kanisa. Maji ya kusuuza nguo hayakumwagwa ovyo tena. Samadi alipewa na Seleyian, jirani yake Mmaasai wa nyuma ya ua, ile ya mbuzi iliyokaa ikapoa.

"Takwenya, Mama Elsie," Seleyian alimsalimu, kisha akamtania. "Sisi nyasi inatulisha. Wewe ndio unalisha nyasi!"

"Ni kweli, dada. Wa kumlisha aliniacha, nifanyeje?"

Wakacheka wote wawili.

Nyasi zikashika, lakini mvua ikagoma. Vijana wa Seleyian wakapeleka ng'ombe Oltepesi kutafuta malisho. Akabaki ng'ombe mmoja, mzee, asiyeweza safari.

Asubuhi moja Mama Elsie alifungua mlango akamkuta Seleyian amesimama katikati ya uwanja, kimya, ameinua mkono. Ndani ya ngumi mlikuwa na nyasi zilizong'olewa na mizizi yake.

"Ai! Unang'oa? Nyasi za Makokha? Hata wewe, dada?"

"Mama Elsie, niko na ng'ombe moja tu—"

"Si ungebisha! Wameharibu wote, sasa na wewe? Nenda, niachie hizi kidogo!"

Seleyian aliutazama mkono wake. Akaziweka nyasi chini taratibu, akatoka. Mama Elsie akazirudisha udongoni.

Jumapili, baada ya ibada, bado alikuwa na uchungu. Akamsimulia Saning'o, mzee wa kanisa, Mmaasai pia.

"Alizishikaje?" mzee akauliza.

"Hivi. Ameinua juu."

Saning'o alivua kofia. "Mama, huyo hakuwa anaiba. Kwetu mtu akikushikia nyasi, anakuomba. Hata adui akikushikia nyasi, unaweka mkuki chini."

Mama Elsie hakungoja chai ya kanisa. Alifika nyumbani akachukua mundu, akakata nyasi zote, za zamani na zile changa za kwenye kipara, mpaka udongo ukaonekana. Akajaza gunia, akajitwika, akazunguka ua.

Ng'ombe alikuwa amelala ubavu, inzi wamemjaa machoni. Seleyian alikuwa ameketi kando yake.

"Ilianguka jana," alisema. "Tuliinua na majirani, ikaanguka. Tuliinua tena."

"Dada, sikujua. Mungu ananiona, sikujua ulikuwa unaniomba."

"Najua hukujua." Seleyian aliliangalia gunia. "Hii haili tena. Mimina hapo. Mbuzi watakula."

Mama Elsie akamimina. Mbuzi wakaja mbio wakisukumana, na wanawake wale wawili wakakaa wakiwasikiliza wakitafuna.