Turbo ya Shemeki

Mwaka 1999 Murekatete alikuwa na ofisi ya kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko la Gisenyi, yenye kompyuta mbili. Abdu, mfanyabiashara aliyevuka mpaka wa Petite Barrière kila asubuhi, alimletea kutoka Goma CD ya mchezo wa ndege za kivita za zamani, zile za pangaboi. Waliziunganisha kompyuta kwa waya, na watu wawili wakaweza kuwindana angani. Sauti waliizima kabisa. Mji ulikuwa umetoka kusikia risasi za kweli, na hakuna aliyetaka mama wa watu aangushe kikapu chake cha nyanya barabarani.

Mpinzani wa Murekatete alikuwa Onésphore, karani wa forodha, mume wa dada yake mkubwa, Pulchérie. Kila mchana alikuja, akavua koti, akakaa kwenye kompyuta ya mlangoni, akamtungua shemeji yake. Kutunguliwa Murekatete angeweza kuvumilia. Tatizo ni kwamba baadaye Onésphore alieleza alivyomtungua, mbele ya wateja.

"Shemeki, we unakata kona sawa camion ya kubeba bière. Ndege inataka mukono ya mwanaume, hapana ya mwanamuke."

Alasiri moja wateja walipokuwa wachache, Murekatete alipekua mafaili ya mchezo ule ndani ya kompyuta yake. Akagundua kwamba kila ndege ina faili lake la maandishi, nalo linafunguka na kurekebishwa kama barua yoyote. Humo mlikuwa na mstari wa kiasi cha hewa inayosukumwa ndani ya injini. Hewa nyingi, moto mwingi, nguvu nyingi. Madereva wa malori wangesema turbo.

Akaongeza sana. Injini ikachemka, ikawaka kabla ndege haijapita miti ya mwisho wa uwanja. Akapunguza, akajaribu tena, akapunguza kidogo tena, mpaka akapata kiasi ambacho injini ililalamika lakini haikufa.

Kesho yake alimtungua Onésphore mara tatu mfululizo.

"Umekula nini leo?" Onésphore aliuliza, jasho likimtoka.

"Sombe," alijibu Murekatete kwa uso wa malaika.

Nyumbani, Onésphore hakumaliza sahani yake. Alimweleza mkewe yote. Pulchérie, aliyefundisha fizikia sekondari, alicheka.

"Ndege zenu ni aina moja, na yake inakupita hata mukipanda? Basi amegusa moteri ndani ya mafaili."

Onésphore akamsihi amsaidie: aende amshughulishe mdogo wake kwa dakika chache tu, ili na yeye aguse ya kwake. Pulchérie alikubali haraka mno, lakini mumewe hakulitambua hilo.

Ijumaa alifika ofisini na kitenge kipya, akakikunjua chote mbele ya uso wa mdogo wake. Nyuma ya kitambaa, Onésphore alikuwa ameinamia kompyuta ya mlangoni, akibofya.

"Unaona hii rangi?" Pulchérie alisema kwa sauti kubwa. Kisha akanong'ona, "Muache. Iko nagusa moteri yake."

"Yaya, ameweka ngapi?" Murekatete alimuuliza dada yake.

"Sijui. Lakini namujua. Ataweka yote."

Onésphore alipoondoka, Murekatete alichungulia. Kweli alikuwa ameweka yote, na zaidi. Ndugu wawili walicheka mpaka ikabidi wakae chini. Hawakubadilisha hata tarakimu moja.

Jumamosi Onésphore alikuja na wenzake wawili wa kazini, waje washuhudie. Wateja waliokuwa wanangoja fotokopi nao wakasogea. Ndege yake iliruka kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba.

"Mumeona? Mumeona!"

Alipanda, akapanda, akamwacha Murekatete chini kabisa. Mshale wa joto ulikuwa kwenye nyekundu, lakini nani angeutazama wakati ameshinda? Kwanza ulitoka moshi mwembamba, kisha mweusi. Pangaboi likazunguka polepole, likasimama. Onésphore akabaki ananing'inia angani bila injini, amekunja midomo.

Murekatete alimjia kwa mbio zake zote ili ammalize. Ndipo mambo yakaharibika. Mbio zilikuwa nyingi mno: alimpita kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. Akageuza, lakini kwa mwendo ule kona yake ilikuwa pana kama ziwa. Akarudi, akampita tena. Onésphore alielea tu, taratibu, kama jani. Mara ya tatu Murekatete alikuwa akicheka sana, Pulchérie amemwegemea begani, machozi yanawatoka wote wawili, na alipomkosa tena akaishia mbele kabisa ya pua ya shemeji yake.

Onésphore alibonyeza kila kitu. Bawa la Murekatete likang'oka.

"Bila moteri!" alipiga kelele, akasimama juu ya kiti. "Nimemuangusha bila moteri!"

Ndege yake ilianguka baharini kwenye skrini, nyuma ya mgongo wake. Hakuitazama.

"Na moteri ilienda wapi?" Pulchérie aliuliza.

Mumewe akajibu, "Iliungua."

"Nani aliiunguza?"

Wenzake walimtazama. Onésphore alishuka kitini polepole, akamnyooshea kidole Murekatete. "Ni yeye alianza!"

Murekatete alikiri. Walirudisha mafaili safi kutoka kwenye CD, mbele ya watu wote.

Jumatatu, kwa injini zilizo sawa, Murekatete alishinda, na kwa haki. Onésphore alikataa katakata kuamini. Akadai ukaguzi, na tangu hapo hakuna aliyeruka bila kukaguliwa: Pulchérie alifungua mafaili yote mawili, akasoma tarakimu kwa sauti, huku karani wa forodha amesimama kando na mikono nyuma, akisubiri kama msafiri mwenye mzigo wa mashaka.

"Bon, muko safi," Pulchérie alisema. "Murushe."

Siku ya kwanza ya ukaguzi Onésphore alipoteza mbili, akashinda moja. Ile moja aliieleza wiki nzima.