Kiganja Kimoja cha Ngano

...na aliyemwambia kwanza ni Ursula, muuguzi wa kliniki ya watoto kule Bunda, si daktari wa Mwanza kama watu walivyodhani baadaye, Ursula ndiye aliyeitazama kadi ya Clever, akamtazama na Clever mwenyewe, tumbo kama ngoma na miguu kama vijiti vya kiberiti, akasema, mama Clever, umewahi kusikia mtu anayekataliwa na ngano, na Jeska akatikisa kichwa, kwa sababu amesikia watu wanaokataliwa na kambare, amesikia miiko ya koo, hawa hawali hiki na wale hawagusi kile, lakini ngano haina ukoo, ngano ni kitu cha dukani, itamkataaje mtoto... halafu damu ikaenda Mwanza ikarudi na jibu lile lile, gluteni, neno ambalo alimwomba Ursula amwandikie ili asilikosee, akalinakili kwenye daftari kwa herufi zilizosimama wima kama alivyofundishwa darasa la pili, gluteni, ndiyo inayofanya donge la chapati livutike lisikatike, na ndiyo inayomkwangua mtoto huyu utumbo kwa ndani, dawa yake hakuna, dawa yake ni kuacha, mkate, maandazi, chapati, sambusa, keki, biskuti, tambi, kuacha maisha yote, na karatasi ambayo Ursula alimwandikia hayo yote sasa imefungwa fundo kwenye pindo la kitenge chake, miezi saba imekaa humo, na hapa mbele yake, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, katika hoteli ya ufukweni Musoma, karibu kila kilichoandikwa kwenye karatasi kimekuja kukaa sahanini kama wageni waliopelekewa kadi ya mwaliko.

"Wifi, mbona huli?" Agness anauliza, na Jeska anasema nakula, wifi, anainua kikombe, kwa sababu chai haina tatizo, chai na maziwa na tangawizi, hayo yako upande wa pili wa karatasi, upande wa ruhusa, na Agness anacheka, "Unakula au unanusa?", Agness dada wa mumewe, anafanya kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli hii, na mara moja kwa mwaka mfanyakazi anaruhusiwa kumleta mzazi kunywa chai ya saa kumi bure kama watalii, basi amemleta mama yake kutoka Butiama, na Jeska kaitwa kutoka Kabasa, kule Bunda, aje na mtoto, bibi amwone mjukuu, na kukataa isingewezekana, mtu hakatai mwito wa mkwe, mumewe Baltazari mwenyewe alisema, nenda, mama amemkumbuka mume wake... mume wake ndiye Clever, wa miaka minne, ndivyo bibi anavyomwita, na sasa hivi amempakata, anamshika mkono wa juu kwa vidole viwili, na vidole vinazunguka vikakutana na kupishana. "Huyu mume wangu mbona ni mwembamba hivi? Nilitegemea mwanamume wa kunilimia pamba, nimeletewa ufito! Eh, baba, wanakulishaga nini huko Kabasa, upepo?" Clever anacheka, anampenda bibi yake, nani asiyempenda mama huyu, Mama Rebeka, aliyelala chini kwenye sakafu ya hospitali siku tatu Jeska alipojifungua, aliyemfulia nguo zenye damu bila kumwita mtu... "Kesho namchukua," bibi anasema, bado anacheka lakini macho hayacheki tena, "kesho nakwenda naye Butiama. Mama Clever, usinielewe vibaya, wewe bado mtoto, mimi nimelea saba. Akikaa kwangu miezi mitatu utakuja utampita njiani usimjue."

Kesho. Jeska anakirudisha kikombe kwenye sahani yake. Kwao si ajabu, mjukuu wa kwanza kukaa kwa bibi, yeye mwenyewe alikaa kwa bibi yake Suguti mpaka alipomaliza shule, alikula dagaa na ugali wa muhogo akanenepa, hakuna aliyemnyang'anya mtu mtoto, ni heshima, ukikataa umemwambia mama mkwe kuwa hafai... lakini Butiama bibi anakaanga maandazi kila Jumamosi, na bibi haamini habari za ngano, alisikiliza mara moja kwenye simu akasema ngano si sumu, mwanangu, wazungu si wanaikula wanakuwa wakubwa kama milango, na Jeska akasema ndiyo mama, hajawahi kumjibu mkwe wake neno linalozidi hilo, sauti yake mbele ya watu hukwama kama punje ya mtama kooni, shuleni alikuwa akiandika majibu sahihi yote na mwalimu akimwita ayaseme anatazama miguu yake.

Meza ya pili mzungu mmoja mwanamke, kofia pana, anamwonyesha mhudumu kitu kwenye simu yake, anasema maneno mengi na katikati ya maneno hayo Jeska analisikia lile neno, lile la kwenye daftari lake, gluteni, limetamkwa kidogo tofauti lakini ni lenyewe, anageuka kabla hajajizuia, na mhudumu, Clementi ameandikwa kifuani, anaitikia tu, hakushangaa, hakumwambia ngano si sumu, akaenda akarudi na sahani, na kwenye sahani kuna vitumbua, vya mchele, na vipande vya muhogo wa kuchemsha, na karanga... Jeska anatazama muhogo ule wa Suguti ulivyokatwa kwa adabu, umewekewa na jani la giligilani juu, ndio huo alioutoroka, alipoolewa mjini Bunda alijiona ameendelea kwa kuwa asubuhi anakunywa chai na mkate, na mzungu kavuka nchi zote hizo, kaja kulipia muhogo. Anasema neno moja, analetewa. Hana aibu. Hana mkwe mezani.

Yeye miezi saba amefanya kila kitu. Hata yeye mwenyewe ameacha, ingawa damu yake haina shida, ameacha ili mtoto asiangalie mdomo wa mama yake ukitafuna anachokatazwa, wanakula sahani moja, amemwambia, sisi hatuli ngano, mimi na wewe, sisi, sufuria amenunua jingine, mwiko mwingine, na bado wiki iliyopita kwenye mzani kilo kumi na mbili, kumi na mbili zile zile za mwezi wa tano, na Ursula alishusha kalamu akamwangalia, "Mama Clever, una hakika hakuna ngano inayoingia? Hata kidogo?" naye akaapa, akamsomea daftari lake lote, Jumatatu ugali na sato, Jumanne wali, Jumatano viazi, na asubuhi zote uji, "Uji wa nini?", wa ulezi, alijibu, unga anausaga bibi yake Clever, tena anautuma kila mwezi kwa mtu anayekuja Bunda, ndoo nyekundu yenye mfuniko, na Ursula akaandika, ulezi, sawa...

"...unga wangu si unakufikiaga lakini?" bibi anauliza, na Jeska anasema ndiyo mama, unafika, asante mama. "Na anakunywa?" Anakunywa, mama, vikombe viwili. "Vikombe viwili na hanenepi!" bibi anamgeukia Agness kama anamshtakia. "Unga ule nauhangaikia, mwenzako! Naosha mwenyewe, naanika mwenyewe. Ulezi, soya, karanga, mahindi ya njano, halafu nawekaga na ngano kiganja kimoja, kila kisado kiganja kimoja, ndiyo inalainisha, bila ngano uji unakwaruza koo la mtoto. Mashineni wananijuaga, wakiniona tu wanasema, mke wa Clever kaja."

Agness anacheka. Kijiko cha mtu kinalia kwenye glasi. Nje ziwa liko pale pale, ndege mnandi wako juu ya mawe wameanika mabawa, na Jeska anahesabu... kiganja kimoja. Kila kisado. Vikombe viwili kila asubuhi kwa miezi saba, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa akikoroga kwa mwiko mpya, kwenye sufuria mpya, anapuliza, anasema kunywa baba upone. Na hakuuliza. Yeye anayeandika kila kitu, anayerudia neno likikosewa herufi, hakuuliza kitu kimoja, umeweka nini humu mama, kwa sababu hilo halisemwi, mke wa mtu hamuulizi mkwe wake ameweka nini kwenye chakula, swali lenyewe ni tusi, swali lenyewe lina pembe... anamkumbuka Dorah wa Suguti, jirani yao, aliyesema kisimani, kwa hasira tu, tena siku moja tu, kwamba mtoto wake huharisha kila akitoka kunywa maziwa kwa bibi yake, hakusema uchawi, hakulitaja, alisema maziwa, lakini jioni watu walikuwa wamekwisha kulijaza lile neno wenyewe, na tangu siku hiyo hakuna aliyekula tena kwenye chungu cha yule bibi, si harusini, si msibani, alikuwa akipika anapeleka na chakula kinarudi kimejaa, mpaka akazikwa, na Jeska mtoto wa darasa la tano alimwona akimwagia mbwa wali wa nazi... chakula chako kinamdhuru mtoto, hayo ndiyo maneno, hakuna maneno mengine, akiyatamka hapa Agness atayasikia, mhudumu atayasikia, yatavuka Musoma kabla ya jua kuzama yatafika Butiama yakimsubiri mama mlangoni. Na asipoyatamka, kesho mtoto anakwenda kuishi ndani ya ndoo nyekundu.

Lakini mikono ile. Anaitazama, ipo mezani mbele yake, ina nyufa za kupura na kuanika, kucha moja imekufa, mkono ule ule uliofua damu yake. Mkono hauna kosa. Ni punje tu, punje haijui imetiwa na nani, ingekuwa imetiwa na Ursula ingekwangua vile vile... sasa mtu anaitenganishaje punje na mkono ulioibeba, kwa maneno, yeye asiyejua maneno, mbele ya mtu ambaye maisha yake yote amejulikana kwa mkono wake...

"Haya, mume wangu, fungua kinywa." Bibi amekata keki, kipande cha njano chenye zabibu, amekishika kwa vidole vitatu, kinasogea kwenye midomo ya Clever, na Clever anamtazama mama yake. Hafungui. Anamtazama tu, akisubiri ile sisi. Mkono wa bibi umesimama hewani. Agness ameacha kutafuna. Hapo kimya kina sura, Jeska anakijua, ndicho kimya cha kisimani, mtoto anakataa mkono wa bibi yake mbele ya watu, kuna mtu kamfundisha, na bibi ameshaanza kulielewa, tabasamu lipo bado lakini limebaki peke yake usoni... na Jeska anajikuta ameinama mbele, ameinyoosha mikono yote miwili kama anayepokea sadaka, "Mama, nipe mimi. Sijala mkononi mwako siku nyingi." Sauti imetoka. Ndogo, lakini imetoka, na bibi anashtuka, halafu anacheka kwa pumzi iliyokuwa imezuiliwa, "Ona huyu! Ana wivu na mume wangu!" na anamwekea keki, si mkononi, kinywani, kama mtoto, na Jeska anafunga macho, miezi saba, sukari, siagi, ule ulaini wenyewe, na machozi yanataka kutoka kwa utamu wa kijinga namna ile.

"Mama," Clever anasema, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "ulisema sisi hatuli."

"Wewe huli," anamjibu, na anamwita Clementi, anamwita kwa jina, yeye, Jeska, anamwonyesha meza ya pili kwa kidole, "Kaka, naomba vile vya mchele, vya mtoto," na Clementi anaitikia tu. Bibi anamwangalia. Anaitazama keki iliyobaki, anaitazama midomo ya Clever, na Jeska anaona swali likipita usoni kwa mama huyu, lakini halina pembe, kwa sababu aliyekula mkononi mwake hadharani hawezi kuwa anauogopa mkono huo. "Kesho, mama," anasema, "tutakwenda naye wote. Nataka unifundishe ule unga." Na bibi anajimiminia chai nyingine. Keki ziko sahanini, chapati ziko sahanini, ziwa liko pale pale, na mnandi hawajakunja mabawa.

Kesho yake asubuhi, saa tatu, Butiama, wakiwa wawili tu nyuma ya nyumba na Clever akifukuza kuku, Jeska alilibingirisha jiwe la kusagia kutoka ukutani, lile la zamani ambalo tangu ije mashine, inayosaga na ngano, lilikuwa limeachiwa mijusi, akalisugua kwa maji ya moto mara tatu, akamwaga ulezi mtupu kwenye ungo. Kisha akafungua mfuko wa ngano, akatoa punje moja, akaiweka kwenye kiganja cha mkwe wake na kukikunja kiganja hicho kwa mikono yake miwili, na hakukiachia mpaka alipomaliza kusema.