Kona Isiyo na Misumari

Mama Agnès haamini misumari. Fundi Chomba alipomaliza kupiga mabati mapya kwenye nyumba yetu ya Kasungami, Mama hakungoja hata fundi afike barabarani. Alinipandisha juu na mawe, nikayapanga pembeni kote kama tulivyozoea. Nyumba nyingi za upande wetu zina mawe juu, au tairi bovu, ili upepo usibebe bati.

Lakini kampuni ya bima ilisema mawe hapana. Tangu mwaka ule upepo ulipochukua mabati yetu, Mama anailipia nyumba bima, na kila mwaka bei ilipanda kwa sababu mabati tuliyookota na kurudisha yalikuwa ya kutu. Wakamwambia aweke paa jipya, lipigwe misumari vizuri, na bei itashuka karibu nusu. Mama akauza mahindi yote ya ghala na mbuzi wake. Kama mtu wa bima, ambaye angekuja kulikagua, angelikataa paa lile, tusingekuwa na cha kulipa tena, na mvua ndiyo ilikuwa inaanza.

"Mapalo, tosha majiwe," Mama aliniambia asubuhi tuliyokuwa tunamngoja. "Yote. Ule bwana asione hata moya."

Nilipanda, nikayashusha, nikayaficha nyuma ya choo. Jiwe la mwisho lilikuwa kwenye kona ya nyuma, juu ya chumba chetu cha kulala. Nilipoliinua, niliona bati halina hata tundu moja la msumari. Nikalisukuma kwa kidole, likainuka kama kifuniko cha sufuria. Chomba alijua Mama ataweka mawe pale, akaona asipoteze misumari yake.

Nilishuka ili niseme. Mama alikuwa anafagia uwanja, anaimba wimbo wa kanisa. Sikuwahi kumsikia akiimba tangu auze mbuzi. Mimi si mtu wa maneno, hata sokoni naonyesha kitu kwa kidole. Nikajiambia nitasema akimaliza kufagia. Akamaliza. Nikajiambia nitasema akimaliza kuoga. Pikipiki ikaingia uwanjani.

Mtu wa bima aliitwa Monsieur Zéphirin, kijana mnene mwenye viatu vya kung'aa. Aliangalia mbele ya nyumba, akaangalia ubavuni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kabla hajafika nyuma, upepo ulianza. Vumbi jekundu lilitimka, kisha matone makubwa yakaanza kupiga bati.

"Ingia, papa, ingia!" Mama akamvuta mkono.

Tukakaa watatu sebuleni. Upepo ukaishika nyumba.

"Paa iko nguvu," Monsieur Zéphirin alisema.

"Kama iko nguvu, juu ya nini unaangalia juu?"

"Njo kazi yangu, Mama. Banalipa miye juu ya kuangalia juu."

Mama akacheka. Mimi nilikuwa nasikiliza bati la chumbani. Ta. Kimya. Ta-ta.

"Ni nini ile?"

"Dirisha tu," Mama alisema.

Haikuwa dirisha. Nikisema, bei haitashuka, na mahindi na mbuzi vimeenda bure. Nisiposema, bati lile litang'oka, upepo uingie chini ya la pili, na la pili linafika hapa tulipokaa.

"Kona haiko na misumari," nilisema.

Hawakusikia. Nilikuwa nimesema kwa sauti yangu ya siku zote.

"Kona haiko na misumari!"

Mama aliruka kitini. "Kona gani?"

"Ya nyuma. Chomba aliacha, sababu ya majiwe."

"Mapalo! Mbele ya muntu wa asiransi!"

Monsieur Zéphirin alikuwa amesimama. "Majiwe iko wapi?"

"Majiwe gani?" Mama alisema. "Siye hatuna majiwe."

"Mama, majiwe iko wapi!" mtu wa bima alifoka.

"Nyuma ya choo," Mama alisema polepole.

Tulitoka mbio. Mama alishika ngazi, nikapanda, nikalilalia bati kwa kifua. Lilikuwa linanipiga kidevuni. Monsieur Zéphirin alileta mawe ameyakumbatia, matope yamemfika magotini.

"Hii iko nzito!"

"Nzito njo tunataka!" Mama alimjibu. "Lete ingine!"

Mvua ilipopungua, alikaa mlangoni akikamua soksi zake. Mama alimpa chai, akasimama mbele yake mikono kifuani.

"Nikiandika ile niliona, bakubwa batakataa," alisema mwishowe. "Nikiandika bongo, ya kusema paa iko muzuri, siku itaruka hamutapata kitu. Asiransi yenu ya zamani inaisha kesho. Nitarudia kesho asubuhi, kabla ya kufungua bureau yetu. Nikute misumari yote, na jiwe hata moya hapana. Pale bei itashuka."

Alipoondoka, Mama alinigeukia. Nilingoja matusi.

"Weye umepata kinywa leo," alisema. "Kabla haijafunga tena, enda kwa Chomba."

Nilimkuta Chomba barazani kwake, anacheza dama na wenzake. Nikasimama. Hakuna aliyeniangalia.

"Tonton, misumari ya kona yetu."

"Na majiwe ya mama yako?" Wenzake wakacheka. "Niharibu misumari chini ya majiwe? Tutaona juma ijayo, mutoto."

Ningeweza kurudi nyumbani na kusema sikumkuta.

"Leo," nilisema.

"Eh! Bubu wa kwa Mama Agnès anasema!"

"Leo, tonton. Nyundo iko wapi?"

Chomba aliangalia juu ya kichwa changu. Upande wa Karavia mawingu yalikuwa yanajikusanya tena, meusi. Akasukuma kete zake, akaingia ndani, akatoka na nyundo na kopo la misumari.

Akataka nitangulie. Nilikataa. Nilitembea nyuma yake, karibu kabisa, asije akanipotea kwenye vichochoro.