Maporomoko Yasiyopiga Kelele

Dada yangu amekata nguo miaka hamsini na miwili, na mimi ndiye niliyezishona. Yeye mkasi, mimi cherehani. Meza yake iko dirishani, yangu iko mlangoni, kwa hiyo yeye alipata mwanga na mimi nikapata umbea. Mgawanyo huo sijawahi kuulalamikia.

Ila kuna jambo moja nimelilalamikia tangu nina miaka saba. Siku hiyo tulitumwa kuni. Yeye alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi nikimfuata kama mkia. Tulipofika njia panda akanitua mzigo, akaniambia, "Kaa hapa ulinde kuni. Nakuja sasa hivi." Nikakaa. Nikazilinda kuni zile kwa moyo wangu wote, ingawa hapakuwa na mtu wala mbuzi aliyezitaka. Jua lilipogeuka ndipo akarudi, gauni limelowa mpaka kiunoni, uso unang'aa kama sufuria mpya. Akasema ameona maporomoko ya maji.

"Mbona mimi sijasikia kitu?"

"Hayapigi kelele," akasema.

Hayapigi kelele! Maji yatoke juu huko, yatue chini, yasiseme neno? Hata marehemu mume wangu, mtu mpole asiyejua kugomba, alipojikwaa alisema "lo!" Nimemuuliza dada yanakuwaje maji hayo, nimemuuliza tukiwa wasichana, nimemuuliza tukiwa na watoto mgongoni, na jibu lake halikubadilika: "Utayaona ukifika."

Kufika sasa. Tulihamia mjini, tukaolewa, tukazaa, zikaja sare za shule, na sare za shule haziishi kwa sababu watoto hawaachi kurefuka. Halafu mnawajua mafundi cherehani. Mteja tunamwambia njoo Ijumaa, na akija Ijumaa tunamwambia kimebaki kifungo kimoja tu, wakati nguo yenyewe bado iko dukani haijanunuliwa. Basi maporomoko yale nayo tuliyaambia yaje Ijumaa, kwa miaka sitini na miwili.

Mwezi uliopita dada alitoka hospitali akaketi kwenye kiti chake bila kuvua viatu. Daktari amempima presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki nacho kinafunga virago taratibu.

"Naona kama kwa tundu la kifungo," akaniambia. "Katikati naona vizuri, pembeni kote kumefungwa. Wewe hapo naona pua tu."

"Umebahatika. Ndiyo iliyobaki nzuri."

Hakucheka. Nikajua mambo mazito.

"Mengine sina wasiwasi nayo," akasema. "Wajukuu nitawasikia. Mvua nitaisikia. Wewe nitakusikia nipende nisipende. Lakini yale maji, mdogo wangu, hayana sauti. Macho yakifunga yamekwisha. Hata nikipelekwa nikasimamishwa mbele yake sitajua kama nimefika au nimeegeshwa ukutani kama ngazi."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Dada yangu ameambiwa, tena na daktari mwenye cheti: tazama, na utazame upesi.

"Lini twende?" nikauliza.

"Jumapili ya wiki ijayo. Na usinitajie Ijumaa."

Nikwambie ukweli, usingizi ulinipungua, na si kwa huruma peke yake. Nilitaka kujua. Miaka sitini na miwili mtu anakuficha kitu kilicho wazi porini! Tulianza matayarisho siku hiyo hiyo. Dada alikata magauni mawili, yake na yangu, marefu kidogo kupita goti ili tusijikwae, na mifuko mikubwa ya kutia leso na karanga. Nilimwambia maji hayatatutazama. Akasema maji yanatazama sana, ndiyo maana ukiinama unajiona humo.

Kisha akachora ramani. Alichukua kipande cha bitana nyeupe, kile kitambaa chepesi cha ndani ya koti, akaitandaza mezani, akachora kwa chaki ya bluu bila kusita hata mara moja: daraja, shule, kisima, njia panda yangu ya kuni, kijito kinachokatiza njia, na mwisho kabisa mistari mitatu ya kushuka. Hakufuta kitu. Mkono ulikwenda kama unakata suruali ya mteja wa siku zote.

Usafiri ulikuwa wa mkwe wangu, mume wa kitinda mimba wangu, ambaye ana gari la kubebea mbao. Mimi ananiita Mama, dada anamwita Mama Mkubwa, na anamwogopa dada kuliko anavyoniogopa mimi, kwa sababu dada humtazama mtu kama anampima kiuno. Ni kijana makini, mtu wa kupima ubao mara mbili ndipo ashike msumeno. Akasema Jumatano anapita njia za huko kufuata mbao, basi kwanza akakague barabara asije akatutupa porini. Akaipiga ramani picha kwa simu yake, akaondoka.

Jumatano jioni akarudi, akasimama mlangoni, mguu mmoja wa suruali umechanika toka gotini mpaka chini.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba. Umeyaona?"

"Nimeona bata mzinga."

"Bata mzinga gani?"

"Mkubwa." Akashusha pumzi. "Nimevuka daraja, sawa. Ramani inasema shule iko kushoto. Iko kulia. Nikasema haya, labda waliihamisha. Ramani inasema kisima kiko kulia. Kiko kushoto. Nikasema na kisima nacho kimehama? Nikafika njia panda. Ramani inasema shika kushoto. Nikashika kushoto, njia ikaniingiza uani kwa mtu, na huyo bata hakutaka maelezo."

"Amekuuma?" nikamuuliza.

"Amechana suruali, Mama."

"Vua tushone. Ndicho kilichokuleta."

Akacheka kidogo, halafu akaacha. Akageukia kwa dada, akapunguza sauti kama mtu anayemtoa mwiba mtoto. "Mama Mkubwa, usinielewe vibaya. Miaka sitini ni mingi. Nimemuuliza mwenye duka wa pale njia panda, mtu mzima, kazaliwa hapo. Anasema kungekuwa na maporomoko angeyasikia. Labda ilikuwa ndoto ya utoto. Jumapili nimeitiwa mzigo, ningeuacha kama ningekuwa na hakika, lakini kuwaingiza nyinyi wawili porini kufuata kitu ambacho..."

Dada akaikunja bitana mara nne, taratibu, akaitupa kwenye kapu la vipande.

"Basi," akasema. "Yamekwisha."

Sasa hapa lazima niseme kweli. Kwa pumzi moja hivi, nilifurahi. Nikasema moyoni, ahaa! Kumbe alikuwa mwongo! Nimelinda kuni bure lakini na yeye hakuona kitu! Halafu nikamwona anautafuta mkasi. Ulikuwa pale pale pembeni mwa meza ambapo umelala miaka yote, na mkono wake ukaupapasa mara tatu ndipo ukaupata. Furaha yangu ikachacha kama maziwa.

Alhamisi kutwa, mkasi tu ndio ulioongea. Ijumaa asubuhi vile vile. Mimi nilikuwa na koti la mwalimu mkuu, limebaki mifuko ya ndani, na bitana imeniishia. Nikaenda kwenye kapu, nikaitoa ile nyeupe yenye ramani. Nikaitandaza nipanguse chaki, huku nikimtazama dada anavyochora koti jingine.

Alikuwa amekigeuza kitambaa, upande wa ndani juu. Fundi hachori upande wa nje, chaki itaharibu sura ya nguo. Anachora kwa ndani, na kwa kuwa anachora kwa ndani, kila kitu anakiweka upande wa pili: mfuko unaotakiwa ukae huku anauchora kule, ili nguo ikigeuzwa ukae mahali pake. Mwanafunzi humchukua mwaka mzima kuzoea, na mpaka azoee atakushonea mashati yanayofunga kinyume. Ila mkono uliozoea haukuulizi tena. Unageuza wenyewe.

Nikaitazama bitana mikononi mwangu. Bitana ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na uliofifia ndio wa ndani. Chaki ilikuwa upande uliofifia.

Nikaigeuza, nikaiinua kwenye mwanga wa mlango. Chaki ya bluu ikaonekana kwa nyuma kama mishipa ya mkono. Shule ikahamia kulia. Kisima kikahamia kushoto. Na pale njia panda, njia ya kwenda kwenye mistari mitatu ikashika kulia, ikamwacha bata mzinga na uwanja wake.

Mtu mwema angepiga kelele papo hapo. Mimi nikavuta kiti, nikakaa.

"Dada, nina habari za maji yako."

Mkasi ukasimama.

"Lakini kwanza nataka fidia ya kuni zangu. Kwa nini uliniacha pale?"

Akauweka mkasi mezani. Kisha akasema, bila kugeuka, "Kwa sababu kila nilichopata niliambiwa nikugawie. Gauni, mpe mdogo wako. Ndizi, mkatie mdogo wako. Siku ile niliona maji membamba yamekatiza njia, nikataka kujua yanatoka wapi. Nikasema, haya ngoja niyafuate peke yangu. Nikikuta kitu, kiwe kitu kisichokatika."

"Ndiyo ukakificha miaka sitini na miwili?"

"Nilitaka kukuringia siku moja tu. Halafu nikaona kinavyokuuma, nikaongeza."

Mnaona mtu niliyeshona naye. Nikaenda mezani kwake, nikamwekea bitana, nikamgeuzia. Akainama mpaka pua ikagusa kitambaa, akaipitisha ramani kwenye lile tundu lake la kifungo, kipande kwa kipande, daraja, shule, kisima. Alipofika njia panda mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka tepu ya kupimia ikamtoka shingoni.

"Huu mkono!" akasema. "Huu mkono umenichorea dunia ndani nje!"

"Mpigie mkwe wako," nikamwambia.

"Mkwe wako wewe. Akiwa na suruali nzima ni wangu."

Mkwe alikuja mchana, akaonyeshwa, akaigeuza bitana mara nne mwenyewe, nje ndani, ndani nje. Mwisho akakuna kichwa, akasema, "Kumbe yule bata alikuwa na haki." Akautangua mzigo wa Jumapili.

Siku yenyewe tulivaa magauni mapya. Daraja lilikuwa pale, shule kulia, kisima kushoto. Dada alikaa mbele akiwa ameishika bitana mapajani ingawa hakuna aliyeihitaji tena. Njia panda ilikuwa ndogo kuliko nilivyoilinda. Gari liliposimama, dada akashuka, akanisubiri, akaniambia kwa sauti ya miaka kumi na miwili:

"Kaa hapa ulinde gari. Nakuja sasa hivi."

"Gari lijilinde lenyewe. Tangulia."

Tukashika kulia. Mkwe alikwenda mbele na fimbo, akichungulia kila kichaka, kwa ajili ya nyoka alisema, lakini mimi najua alichokuwa anakiogopa. Kijito tulikikuta, chembamba kama upindo, kimekatiza njia. Tukakifuata. Tulikwenda polepole, dada ameshika kiwiko changu, miti ikizidi kukaribiana na hewa ikizidi kupoa. Mimi masikio nimeyatega, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikiomba nisisikie kitu.

Mkwe akasimama. Mbele yake kulikuwa na majani mapana yamefungamana kama pazia, na juu ya majani mwamba.

"Mama Mkubwa, samahani," akasema. "Njia imeishia hapa. Mbele ni mwamba tu."

"Unasikia nini?" dada akamuuliza.

Akasikiliza, maskini, kwa adabu kabisa. "Sisikii kitu chochote."

"Basi tumefika."

Akayasukuma majani kwa mikono miwili, akaingia. Nikaingia nyuma yake.

Mwamba ule ulipanda juu kama nyumba ya ghorofa tatu, wote umevaa ukoga wa kijani, mnene kama zulia. Maji yalikuwa yanashuka juu ya ukoga bila kuuacha hata mahali pamoja. Hayaanguki. Yanateremka yamelala, meupe, mapana, kama hariri inayofunguliwa kutoka kwenye jora na mtu asiye na haraka, na chini yanapokelewa na ukoga mwingine, yanatoka kwa pembeni kimya kimya kuwa kile kijito. Ningepita hatua kumi kutoka pale kila siku ya maisha yangu nisijue.

Dada alianzia juu. Niliona kichwa chake kinavyoshuka pole pole, akiyaona kidogo kidogo kama anavyokagua kitambaa asije akakuta kasoro. Akafika chini, akarudi juu, akaanza tena.

"Unaona?" nikamuuliza.

"Nyamaza. Napima."

Nikanyamaza. Mkwe aliniangalia kama mtu aliyeona muujiza wa pili. Dada alipomaliza alisogea, akanyoosha kiganja, akakibandika mwambani katikati ya maji. Maji yakafika kwenye mkono wake yakagawanyika, nusu huku, nusu kule.

Akatazama, akatikisa kichwa.

"Kumbe kinakatika," akasema. "Njoo basi. Chukua nusu yako."

Nikachukua ya kulia.