Mstari wa Kitui

Shamba letu la majaribio pale Ruiru lilikuwa na mistari mitatu ya mikau, miti ya nchi kavu: mbegu za Mbeere, za Taita na za Kitui. Baada ya mwezi wa kwanza ilikuwa marufuku kumwagilia. Tulitaka kujua miche ya wapi itavumilia kiu na ya wapi itakufa. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu iliyo hai, kuijaza kwenye fomu na kutia sahihi.

Mbula, kibarua mwenzangu, kwao ni Kitui. Kila tukimaliza githeri alikusanya maji ya kuoshea sahani, akaenda kuyamwaga kwenye mstari wa kwao. Nilimwona mara ya kwanza, nikamwona na ya hamsini.

"Mbula, hiyo ni makosa," nilimwambia siku moja.

"Ni maji machafu tu, Wamboi. Hizi ni za kwetu. Unataka nizitazame tu zikikauka?"

Nilicheka, mjinga mimi, nikaenda zangu.

Mwaka ulipoisha, kati ya miche arobaini ya kila mstari, ya Mbeere ilibaki kumi na mmoja, ya Taita tisa, ya Kitui thelathini na minane. Niliandika hivyo hivyo. Daktari Kinuthia, bosi wetu, alifurahi mno. Akaagiza mbegu za Kitui pekee zioteshwe kwa wingi, wapewe wakulima wa sehemu kavu. Absalom, kakake Mbula, aling'oa mtama wake wote akapanda mikau ekari mbili, kwa sababu sisi tulisema haifi.

Ilikufa yote. Absalom alipiga simu tukiwa tunakula, Mbula akaweka spika.

"Makosa ni yangu," alisema Absalom. "Nafikiri mashimo sikuchimba vizuri. Na hawa watoto wananiuliza mtama uko wapi. Niombee miche ingine, Mbula. Sasa nitachimba mpaka mashimo yafike magotini."

Mbula alifunika simu kwa kiganja. "Nimwambie?"

Niliwaza zile fomu na jina langu chini yake. Woga ulikuwa mkubwa kuliko huruma. Nilitikisa kichwa.

"Tutakutumia," Mbula alimwambia kakake.

Ijumaa tulimpakilia miche mia mbili, ya mbegu zile zile.