Paa la Wifi

Mashine ya oksijeni ilikuwa na sauti ya mtu aliyelala usingizi mzuri: inavuta, inatulia, inashusha. Mshonaji alikuwa ameizoea mno, hata mguu wake juu ya pedali ya cherehani uliifuata bila mwenyewe kujua. Pembeni, kwenye kiti cha kujinyoosha, mama mkwe wake alilala na mpira mwembamba puani, uso umetulia. Akiwashiwa mashine hakukawia kuota, na ndoto zake zilikuwa za maji: mara anaogelea na dada zake waliokwisha kufa, mara nyumba nzima inaelea polepole na hata kikombe hakianguki. Akiamka alisimulia kama mtu aliyeshuka safarini.

"Leo nilifika mbali," alisema siku moja. "Mmenirudisha mapema."

Aliyemrudisha ni umeme. Ulipokatika, mashine ililia mara tatu ikanyamaza, na midomo ya mama ikaanza kubadilika rangi. Zilikuwapo paneli mbili juu ya bati na betri moja ya asidi, lakini hizo nguvu zake ni taa, simu na redio; mashine ile ilizichosha kwa nusu saa tu. Ndipo mshonaji akazungumza na mumewe, aliyekuwa akifanya kazi mbali, wakakata shauri kuongeza. Akamwita fundi wa sola, mwanamke mwembamba mgeni mtaani ambaye watu walikuwa wameshambandika jina la Dada Waya.

Dada Waya alipanda ngazi asubuhi, akashinda juu ya bati akilitazama jua kama mtu anayemchunguza mchumba. Aliposhuka, alikunywa maji kwanza.

"Betri mpya haina shida, nitakuwekea kubwa, ya lithiamu. Hiyo kuukuu tuitenge. Ukizifunga pamoja itamvuta mwenzake chini, kama punda mgonjwa kwenye mkokoteni. Shida yako ni kivuli. Ikifika saa saba, ghorofa ile inalilalia paa lako lote. Paneli nne nikizipanga hapa, zitafanya kazi nusu siku na betri haitajaa."

"Ghorofa ile ni ya wifi yangu," mshonaji akasema.

"Basi umepona. Paa lake ni la zege, bapa, jua linalipiga kutwa nzima. Kamwombe."

Mshonaji alimtazama. Dada Waya asingeweza kujua kwamba mawifi hao wawili hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mitatu, tangu siku mama alipotoka hospitali. Wifi alikuwa ameshatandika kitanda. Mama akapitishwa mbele ya mlango wa binti yake wa kumzaa, akasema, "Nipelekeni kwa mke wa mwanangu," na mlango ule ukafungwa.

Alasiri hiyo mshonaji alijikaza kisabuni, akavuka uchochoro. Wifi, ambaye ni mwalimu, alikuwa barazani akisahihisha madaftari. Alisema, "Karibu," kama anavyoambiwa msoma mita.

"Wifi, nimekuja kuomba paa."

"Kuomba nini?"

"Paa lako. Tuweke paneli za mashine ya mama."

Wifi alitia vyema viwili na kosa moja. "Amekutuma?"

"Amelala. Hajui."

"Miaka mitatu hukuja kuomba hata chumvi. Leo unaomba paa." Kalamu ikasimama. "Nijibu jambo moja. Kwa nini alikuchagua wewe?"

"Ngazi," mshonaji akasema. "Ulimjengea chumba cha juu apate upepo. Kifua chake kisingeweza kupanda, na aliona aibu kukwambia."

Wifi aligeuka akazitazama ngazi zake, moja moja, kama mtu anayesoma barua.

"Na wewe ulijua."

"Aliniambia mwezi wa kwanza. Nilitaka kuja. Halafu..." Mshonaji alikuna ukingo wa kanga yake. "Halafu nikaona raha kuwa niliyechaguliwa. Nisamehe, wifi."

Wifi akafunga daftari.

"Mwambie fundi wako aje kesho. Asinitobolee zege ovyo."

Paneli nne zikapanda juu, zikalala zikitazama mbingu. Waya ukavuka uchochoro ndani ya bomba jeusi, ukaingia chumbani hadi kwenye betri, yenye ukubwa wa sanduku la safari, iliyofungwa ukutani karibu na cherehani. Dada Waya alipowasha, taa ndogo ya kijani ikafunguka kama jicho la paka. Hakukuwa na kelele yoyote.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, wifi aliingia na kukaa mkekani miguuni pa mama yake, akamshika kisigino. Mama hakuamka. Mwanga ulipita katika pazia ukawa wa asali, vumbi likielea ndani yake bila haraka, na kwa muda ikawa kama nyumba nayo imesinzia, wao wakipumua pumzi moja na mashine.

"Mbona mtaa umekuwa kimya?" wifi akanong'ona.

Mshonaji alisikiliza. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimika, na redio za majirani pia. "Umeme umekatika," akasema. "Sijui tangu saa ngapi."

Mama aliendelea kulala kwa saa nzima tena. Alipofumbua macho alimwona binti yake, wala hakushangaa. Alimpapasa kichwa kama vile alimwacha hapo dakika tano zilizopita.

"Ile stoo yangu ya chini," wifi akamwuliza mshonaji, "waya unaweza kufika? Nataka kukishusha kile kitanda. Awe anashinda kwangu siku mbili tatu kwa wiki."

"Kufika unafika. Ila stoo ina joto, itabidi tutoboe dirisha."

"Ukuta wa upande wa uchochoro."

"Upande wa uchochoro kuna moshi, wifi. Upande wa uani."

"Nyumba ni yangu au yako?"

Mama alifumba macho tena, akawaacha wabishane.