Uboho wa Mbula

Wivu hauna adabu, nakwambia. Wavinya alikuwa amesoma slaidi za uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, miaka kumi na minne katika maabara moja mjini Kitui. Akaja Yvonne, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika hadubini, na sasa kila asubuhi Daktari Mulwa anauliza, "Yvonne amesemaje?" Yvonne, Yvonne! Roho ilimchoma Wavinya mpaka chai haipiti. Na mwezi huo huo mkuu mpya wa maabara alikuwa anatafutwa.

Alhamisi akakuta ripoti ya Yvonne: Mbula Kitheka, anatokwa damu puani, uboho mzima, hauna ugonjwa. Akaiweka slaidi chini ya hadubini. Lo! Seli zimejaa kama maharagwe kwenye gunia, mafuta matone mawili matatu tu. Na Mbula anamjua, si ni yule bibi mzee wa soko la Kabati anayemuuzia pojo? Uboho wa mtu wa miaka sabini unafaa kuwa mafuta zaidi ya nusu. "Leo nimemshika," akajiambia, na Mungu amsamehe, alifurahi.

Akakimbia kwa daktari. "Huyu Yvonne wako amepitisha saratani ya damu!"

Yvonne akaitwa. Hakupandisha sauti. "Dada Wavinya, soma umri."

Miaka mitatu. Mjukuu! Huku kwetu Ukambani nani asiyejua kwamba mtoto hupewa jina la nyanyake? Wavinya mwenyewe ana jina la nyanyake.

"Toa umri kwenye mia, kinachobaki ndiyo asilimia ya seli; mtoto huyu, tisini na saba," akasema Yvonne. "Si wewe ulinifundisha?"

Wavinya akachungulia tena, safari hii bila haraka. Seli nyekundu changa zilikaa vikundi vikundi, nyeupe zilikuwa za kila rika, na zile kubwa zinazozaa chembe za kugandisha damu zilikuwa tele. Hakuna aina iliyozimeza nyingine. Damu ya puani ilikuwa na sababu nyingine, ya kutibika.

"Basi nenda wewe ukamwambie mamake," daktari akasema.

Mama alikuwa kwenye benchi, mtoto amelala mapajani. Aliposikia neno "mzima" alimshika Wavinya mikono yote miwili, machozi yakimtoka. "Mungu akubariki! Ni wewe umemsomea kipimo mtoto wangu?"

Miezi minane, tangu Yvonne aje, Wavinya alikuwa anaililia sifa kama hiyo. Sasa imekuja, naye akaitoa mikono yake taratibu.

"Si mimi, mama," akasema. "Ngoja nikuitie Yvonne."